Sendai: Chuo Kikuu Kilichowafungulia Wanawake Mlango

Akina mama wengi tunaijua Japani kwa magari, redio na cherehani. Mwezi huu tusafiri kwa mawazo hadi mji mmoja wa huko usiotajwa sana kwetu, mji wa Sendai, tukakitazame chuo kikuu chake.

Tukipanda treni ya mwendo wa kasi kutoka Tokyo kuelekea kaskazini, safari ya kilometa 350 hivi, tunafika Sendai kwa muda wa saa moja na nusu. Wenyeji huuita Mji wa Miti, kwa sababu barabara zake kubwa zimepandwa miti mirefu inayotia kivuli pande zote mbili. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Tohoku, kimoja kati ya vyuo vikuu vya taifa vinavyoheshimiwa sana Japani.

Chuo hiki hakikai ndani ya ua mmoja. Majengo ya zamani yako Katahira, karibu na katikati ya mji. Hospitali na mafunzo ya udaktari viko Seiryo. Wanafunzi wapya huanzia Kawauchi, ng'ambo ya mto Hirose, na juu mlimani, Aobayama, ndiko wanakosoma uhandisi na sayansi. Tangu Desemba 2015 kuna treni ya chini ya ardhi inayowapandisha hadi huko. Wanafunzi wote ni kama 18,000 hivi.

Mlango wazi

Chuo kilianzishwa mwaka 1907, kikiwa cha tatu cha dola baada ya Tokyo na Kyoto. Siku zile njia ya kwenda chuo kikuu ilikuwa moja tu: kijana apitie shule maalum za juu, na shule hizo zilikuwa za wavulana peke yao. Msichana, hata awe na akili namna gani, hakuwa na pa kupitia.

Tukumbuke pia jinsi wasichana walivyofundishwa. Shule zao zilikuwa na lengo lililosemwa wazi: kumfanya msichana awe mke mwema na mama mwenye busara. Neno hilo si baya. Nani kati yetu asiyetaka kuwa hivyo? Lakini lilitumiwa kumwekea msichana mpaka: asome kiasi cha kutosha nyumba, basi.

Mkuu wa kwanza wa chuo, Masataro Sawayanagi, alitaka chuo chake kipya kiwe na mlango wazi. Watu waliotoka shule za ufundi na vyuo vya ualimu waliruhusiwa kuomba nafasi, mradi wafaulu mtihani. Na kwa kuwa walimu wanawake nao walikuwa wamepita vyuo vya ualimu, mlango ule uliwahusu hata wao.

Mwaka 1913 wanawake wakaomba kufanya mtihani. Wizara ya elimu iliposikia, ikaandika barua kuuliza kulikoni, ikisema jambo hilo halijapata kutokea na ni zito mno. Chuo hakikurudi nyuma. Mwezi huo huo wa Agosti wanawake watatu wakapokelewa, wa kwanza katika chuo kikuu chochote cha dola cha Japani. Chuo Kikuu cha Tokyo kilikuja kuwapokea wanafunzi wanawake mwaka 1946, yaani miaka 33 baadaye.

Wanawake watatu

Chika Kuroda alikuwa mwalimu, naye akachagua kemia. Alitafuta siri ya rangi zilizomo katika mimea. Lipo ua ambalo Wajapani tangu zamani walitoa ndani yake rangi nyekundu ya nguo na ya midomo. Yeye alichunguza rangi hiyo imeumbwaje, na mwaka 1929 akapata shahada ya udaktari wa sayansi. Baadaye aligeukia maganda ya vitunguu, yale tunayoyatupa jikoni kila siku, na utafiti wake ukasaidia kupatikana kwa dawa ya shinikizo la damu.

Ume Tange alipoteza jicho la kulia kwa ajali akiwa mtoto mdogo. Alifundisha shule ya msingi, akasoma tena, na alipoingia Sendai alikuwa na umri wa miaka 40. Hakuishia hapo. Alikwenda Marekani, akapata shahada ya udaktari mwaka 1927 akiwa na miaka 54. Mwaka 1940 akapata nyingine Tokyo, kwa utafiti wake juu ya vitamini. Alikuwa na miaka 67, umri ambao wengi wetu tunatazamia kukaa barazani na wajukuu.

Raku Makita alisoma hesabu. Baadaye aliolewa na mchoraji, Heizo Kanayama, akatumia nguvu zake kuisaidia kazi ya mumewe. Wako watakaosema elimu yake ilipotea. Sisi hatusemi hivyo. Mlango ulifunguliwa ili mwanamke aweze kuchagua, na nyumba anayoichagua mtu mwenye kujua si sawa na nyumba aliyofungiwa.

Kazi iliyofika hadi mapaani kwetu

Chuo hiki kimejulikana pia kwa mambo mengine. Mwaka 1917 Kotaro Honda alitengeneza chuma cha sumaku kilichokuwa na nguvu kupita sumaku nyingine za wakati huo. Mwaka 1926 Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda walitangaza aina mpya ya antena, ule mti mmoja wenye vijiti vilivyopangwa kama miiba ya samaki. Ndiyo hiyo tuliyoizoea juu ya mapaa ya nyumba zetu, iliyotuletea picha za televisheni. Na Koichi Tanaka, aliyesomea hapo, alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2002.

Lakini elimu inapimwa siku ya taabu. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi lilitikisa sehemu hiyo ya Japani, kisha bahari ikapanda nchi kavu. Watu zaidi ya 18,000 walikufa au kutoweka. Majengo ya chuo yaliharibika, na hata hivyo hospitali yake ilipokea wagonjwa na kuwapeleka waganga pwani.

Mwaka uliofuata chuo kilianzisha taasisi ya kuchunguza maafa na namna ya kujikinga nayo. Tena kilianza kazi inayotugusa sisi akina mama: kufuatilia afya ya familia za eneo lile kwa vizazi vitatu, mama mjamzito, mtoto wake, hadi babu na bibi. Watu zaidi ya 70,000 walikubali kushiriki. Hivyo mama wa kawaida aliyenusurika akawa naye mshiriki wa kazi ya sayansi.

Mlango mmoja hautoshi

Novemba 2024 serikali ya Japani ilikithibitisha chuo hiki kuwa cha kwanza kusaidiwa na mfuko mkubwa wa kukuza utafiti. Ni heshima kubwa. Hata hivyo wanafunzi wa kike bado ni wachache kuliko wa kiume, hasa katika uhandisi. Kumbe kufungua mlango ni jambo moja, na msichana kuamini kwamba mlango huo ni wake ni jambo jingine. Ndiyo maana wanafunzi wanawake wa shahada za juu wa Tohoku hutembelea shule kuzungumza na wasichana, na chuo kina vituo vya kulelea watoto wadogo ili mama asilazimike kuacha utafiti wake.

Na sisi je? Wizara iliyoandika ile barua ya mwaka 1913 iko mbali, lakini maneno yake tunayasikia hata jikoni: "Jambo hili halijapata kutokea kwetu." Binti anapopenda hesabu, tusiwe sisi wa kumwandikia barua ile. Na mama mwenye miaka 40 anayetamani kurudi darasani asione haya. Ume Tange, mwenye jicho moja, alianza chuo kikuu katika umri huo huo.