Mzee Maruge na Raha ya Uzeeni

Wengi hudhani raha ya uzeeni ni kuketi kivulini, mtu akila jasho la ujana wake. Kimani Maruge hakutosheka na kivuli. Mnamo Januari 2004, elimu ya msingi ikiwa imeshafanywa bila malipo, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, kaptura na soksi ndefu mwilini. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, tena ahesabu fedha zake asipunjwe. Ghasia za 2008 zilimtupa kambini, mali yake ikapotea. Shule ndiyo iliyobaki kumngoja asubuhi, naye akaenda. Alifariki Agosti 2009, darasa la nane hajalikamilisha.