Wakubwa Tu: Kwa Nini Tulilala Kunduchi Badala ya Kwenda na Kurudi

Nikisema safari ya wakubwa tu msianze kuwaza mambo yenu. Naongelea wadada watano wa Kariakoo, hakuna mtoto, hakuna shemeji, hakuna aliyebeba pampasi kwenye pochi, tumeenda kwenye mitelezo ya maji ya Wet 'n' Wild Kunduchi na tukalala hoteli iliyo ubavuni mwake. Basi. Lakini tangu nipandishe zile picha, inboksi yangu imejaa swali moja: kwani kulikuwa na haja gani ya kulala? Kunduchi si hapa hapa Dar? Si ungepanda gari la Tegeta asubuhi, ukateleza weee, jioni ukarudi kwenu Ilala bila kulipia kitanda cha mtu?

Swali zuri. Nina majibu, na mengine yatawaudhi.

Kwanza mjue hatukuamua kwa kukurupuka. Kikoba chetu kilichanga elfu kumi kila mtu kila wiki kwa wiki 20, ikatoka milioni moja ya watu watano. Kwa mtu anayeuza mitandio Mtaa wa Aggrey milioni sio hela ya mchezo, hiyo ni mzigo mzima. Kwa hiyo kila mtu alikuja na wazo lake na kikao kikawa kirefu kuliko cha harusi. Mmoja akataka Zanzibar. Tukapiga hesabu ya boti kwenda na kurudi, chumba, na taksi za kule, tukamwambia shoga kaa chini kwanza. Mwingine akasema Kigamboni, kuna Fun City, ina maji na ina mashine za kupanda. Ni kweli na nimeshaenda, raha ipo. Ila kwa hesabu zetu hiyo ni safari ya mchana: unavuka na pantoni au unazunguka daraja la Nyerere, unacheza, unarudi. Sisi tulitaka tukitoka kwenye maji tutembee kwa miguu mpaka kitandani. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa namba moja. White Sands pale Jangwani Beach nayo ilijengewa bustani yake ya maji, ikaingia kwenye ushindani, lakini wengi walipiga kura ya Kunduchi kwa sababu ya mitelezo mirefu.

Bosi mmoja wa pale Kongo, jina kapuni, anayefuata mzigo Dubai kila baada ya miezi miwili mitatu, ndiye aliyetufungua akili. Wafanyabiashara wetu wengi wakifika Dubai wanalala Deira, chumba cha bei ya chini, karibu na maduka, asubuhi wanaamka kuhangaika na kago. Yeye mwaka mmoja alijipa siku mbili za bata akalala Atlantis kule Palm, ile yenye bustani ya maji ya Aquaventure. Mgeni wa hoteli anaingia kwenye maji bila kulipa tena getini. Tukadhani atatusimulia mitelezo. Hakuitaja! Alichosimulia ni jioni, watu wa kwenda na kurudi wanakusanya mataulo yao, wanatafuta magari, na yeye anapanda lifti na ndala zake miguuni. "Nyinyi mnalipia mlango kufungwa," alituambia. Nikaandika kwenye simu.

Alafu akatuonya kitu kingine ambacho wengi hamkiwazi. Sio kila hoteli ya ndani ya bustani inamfaa mtu mzima. Huko huko Dubai kuna ya Legoland, ilifunguliwa 2022, imetengenezwa kwa ajili ya familia, mpaka vyumba vina sehemu ya watoto. Wewe na mashosti zako mkilala mle mtaonekana mmepoteza wanenu. Kwa hiyo ukichagua usitazame nyota tu, tazama hoteli imejengwa ikimuwaza nani. Biashara yenyewe ni ya zamani. Disneyland ya Marekani ilifunguliwa Julai 1955, na Oktoba mwaka huo huo hoteli ya jirani ikapokea wageni. Walt Disney mwenyewe hela zilikuwa zimemkaba, akamwachia Jack Wrather ajenge. Yani hata huko mtu aliona mapema kuwa saa bustani inapofunga, hela bado ziko mifukoni mwa watu.

Sasa turudi kwetu. Kunduchi kutoka katikati ya jiji ni kilomita 20 na kitu. Kwenye ramani ni karibu. Kwenye Barabara ya Bagamoyo saa kumi na moja jioni, nywele zimelowa, begi la nguo mbichi mapajani, foleni ya kuingia Mwenge haisogei, hapo ndipo utajua ile raha yote uliyoitafuta imeishia wapi. Mwenzetu mmoja alipendekeza tulale gesti ya Mtongani tuokoe hela. Nilipinga na ningepinga tena. Wadada watano, usiku, bajaji kwenda kula, bajaji kurudi, kila mtu anaulizwa "mnaelekea wapi warembo". Ukijumlisha zile bajaji na chakula cha kutafuta nje, tofauti ya bei inapungua haraka sana. Na ukitaka kurudi kwenye maji kesho yake unaanza safari upya. Ukilala ubavuni mwa bustani usiku wako wote unaupata mkononi. Tulikaa ufukweni mpaka saa tano, kanga kiunoni, miguu mchangani, tunabishana nani alipiga kelele zaidi kwenye mteremko. Hakuna aliyetazama saa kwa sababu ya daladala la mwisho.

Lakini hoteli ni nusu ya uamuzi. Nusu nyingine ni siku, na hapa wengi mnapigwa. Mtu wa Kariakoo siku yake ya kupumua ni Jumapili. Sasa Jumapili ndio siku ambayo kila mzazi wa Dar anawapeleka wanawe kwenye maji. Ongeza likizo ya Juni, ongeza Disemba, ongeza Idi, hapo usiniite. Utakuwa umelipia safari ya wakubwa tu ndani ya shule ya chekechea. Sisi tulienda Jumanne, tukarudi Jumatano, katikati ya muhula, watoto wa watu wako darasani. Foleni ya mtelezo ilikuwa watu watatu. Mwenzetu anayevaa hijabu alinunua nguo ya kuogelea ya stara hapa hapa Kariakoo, na aliniambia laiti ingekuwa Jumapili asingeingia kabisa, macho ya watu yangekuwa mengi. Siku ya kazi aliteleza mpaka tukamsahau.

Ndio, kufunga duka Jumanne kunauma. Wateja wa Kongo na Zambia hawajui kuwa wewe uko kwenye maji, wanahamia fremu ya pili. Wawili kati yetu waliacha wadogo zao dukani, mmoja alifunga kabisa na alikuwa anaugulia mpaka tulipofika Lugalo. Hiyo ni gharama, iandikeni kwenye bajeti pamoja na chumba, msijidanganye.

Haya. Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mnamkumbuka yule dada maarufu wa hapa mjini, jina kapuni, aliyepandisha picha yuko kwenye bwawa peke yake na glasi ya juisi? Komenti ya kwanza: "mtoto umemwacha na nani?" Ya pili hiyo hiyo. Mpaka ikafika watu wanamtajia dhambi. Wiki hiyo hiyo kuna kaka mmoja wa Bongo Fleva, na yeye jina kapuni, ana watoto wa kutosha timu ya mpira wa vikapu, yuko zake ufukweni na washkaji, komenti zimejaa moto na mataji ya mfalme. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza watoto kawaacha na nani. Nilisoma zote. Nilitafuta hata moja.

Kwenye kikoba chetu kuna singo maza. Ana miaka 27, mtoto wake ana sita, na tangu amzae hajawahi kulala usiku mmoja bila yeye, hata akiumwa. Hela yake ya wiki 20 alitoa bila kukosa, nyingine alikuwa analeta ya sarafu. Siku nne kabla ya safari dada yake mkubwa akamwambia mbele za watu kuwa mama anayejiheshimu haendi kulala hotelini na makundi. Usiku akanipigia. "Shoga, mimi nitakuja mchana tu. Jioni narudi kwa mwanangu." Nikamuuliza mtoto atakuwa wapi. Kwa bibi yake Buguruni, ambako hukaa kila siku mama yake akiwa dukani mpaka saa mbili usiku. Kwa hiyo mtoto hana tatizo, bibi hana tatizo, tatizo ni watu wa pembeni.

Na si dada yake tu. Hoteli moja tuliyopigia simu wakati tunazunguka kutafuta bei, siitaji, na haiko Kunduchi, yule wa mapokezi aliuliza, "Mnakuja na waume zenu?" Tukasema hapana. "Watoto?" Hapana. Akanyamaza kidogo, akasema atatupigia. Mpaka leo. Kwa hiyo nikiwaambia chagueni hoteli ya kulala wadada peke yenu, pigeni simu kwanza na msikilize wanavyowajibu. Mimi hiyo naitazama kabla ya bei.

Sikumbembeleza sana yule mwenzetu. Nilimwambia kitu kimoja: kama unarudi jioni, utakuwa Mwenge kwenye foleni saa ambayo mtoto ameshalala. Utamkuta amelala, utamtoka amelala. Alikaa kimya, akasema sawa.

Jumanne saa moja usiku alipiga simu Buguruni, tukamzunguka wote kusikiliza kama kuna kilio. Mtoto akauliza, "Mama umeniletea nini?" Alipojibiwa bado, akasema basi baadaye, katuni inaanza, akakata. Tulicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Yeye alicheka, alafu akalia kidogo, alafu akaagiza pweza. Asubuhi tulimwacha amelala mpaka saa nne kasoro, chai almanusura immpite. Hatukumwamsha, tulimwekea mayai kwenye sahani.

Picha yake hatukuipandisha. Aliomba hivyo mwenyewe, na ndio maana mnaona watu wanne kwenye zile picha na mnauliza wa tano yuko wapi. Ndiye aliyeshika simu.

Dada yake? Wiki iliyopita kaja inboksi kwangu, ananiuliza chumba cha watu wawili katikati ya wiki ni shilingi ngapi.

Bei siandiki hapa maana zinapanda na kushuka kwa msimu, nikiwaambia leo kesho mtanishika shati. Pigeni wenyewe, na ulizeni mambo haya kabla ya kutuma hela: kiingilio cha maji kimo ndani ya bei ya chumba au unalipa pembeni? Kama kimo, ni siku moja au zote mbili? Siku hiyo bustani iko wazi? Maana sehemu kama hizi huwa na siku za kufungwa. Na nguo gani zinaruhusiwa kwenye mitelezo, hasa kwa wanaovaa stara. Machi mpaka Mei ni masika, utalipia kutazama mvua dirishani.

Mkibaki na hela kidogo na bahari imetulia, Jumatano asubuhi panda boti Mbudya, kisiwa kiko pale mbele, ni hifadhi ya bahari kwa hiyo kuna kiingilio chake tofauti na nauli ya boti. Sisi hela iliishia kwenye pweza, tukaenda kwenye magofu ya Kunduchi. Kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ambayo zamani yalipachikwa bakuli za Kichina, na sisi Kariakoo tunadhani ndio wa kwanza kuuza vyombo vya Mchina.

Saa nane mchana tulikuwa Mtongani tunasubiri gari. Saa kumi na nusu yule mwenye mitandio alikuwa ameshafungua, nywele bado zina maji ya bahari, anamuuzia mama wa Kizambia dazeni tatu.