Baiskeli Yangu, Mabati Yetu

Leo naanza kwa kukiri kosa. Mwaka juzi nilichota shilingi milioni moja na laki mbili kwenye akaunti ambayo mimi na mume wangu tulikuwa tunawekea hela ya mabati, nikaenda kununua vifaa vya michezo. Sikuzitoa siku moja. Leo laki mbili, wiki ijayo laki na nusu, kama panya anayeng'ata huku anapuliza.

Kisa chenyewe ni triathloni. Kwa ambaye hajakutana nayo, ni mbio za michezo mitatu mfululizo: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia. Iliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Wanaoanza hushauriwa mbio fupi, yaani mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Rafiki yangu wa chuo alinishawishi tujiandikishe kwenye mashindano madogo Kigamboni, na mimi baada ya uzazi wa pili nilikuwa natafuta kitu cha kunirudishia mwili wangu. Nikasema potelea mbali, nipo.

Nilipojiandikisha tu, ugonjwa wa kununua ukanishika. Unajua tena sisi wa mjini, kabla hujakimbia hata kilomita moja unataka ufanane na waliokimbia mia. Usiku baba watoto akilala, mimi niko kwenye simu naangalia picha za Wazungu waliovaa suti nyeusi za mpira wakiingia ziwani. Nikaagiza moja kwa laki nne na nusu, ikaja na dada mmoja aliyekuwa anatoka Ulaya.

Jamani, ile suti! Niliijaribu bafuni mlango umefungwa. Dakika ishirini za kuvuta, jasho linanitiririka kama nakaanga maandazi saa sita mchana. Nilipompelekea mwalimu wa kuogelea akaniuliza taratibu, "Dada, unaenda kuogelea wapi, Norway?" Akanieleza kwamba suti hizo ni za kumkinga mtu na baridi. Bahari ya Dar ina joto la nyuzi 25 na zaidi karibu mwaka mzima, na sheria za mchezo zinakataza suti za mpira maji yakishakuwa ya joto kiasi hicho. Yaani hata ningetaka kuivaa, ningekatazwa.

Ya pili ilikuwa viatu vya baiskeli, vile vinavyojibana kwenye pedeli. Na pedeli zake, laki mbili na nusu. Siku ya kwanza nilifika vizuri mpaka getini, nikasimama, nikasahau kuchomoa mguu. Nikaanguka ubavu mzima mbele ya mlinzi na muuza mchicha. Pole nilizopewa siku hiyo zingetosha msiba.

Iliyobaki, laki tano, ndiyo baiskeli. Ni ya mitumba, usukani umejipinda kama pembe za kondoo dume. Hiyo sijutii.

Mume wangu aligundua Jumamosi moja, fundi alipopiga simu kuuliza hela ya mabati. Akaenda benki, akarudi, akaweka karatasi ya salio mezani. Nilitegemea kelele. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia. Akasema tu, "Mama, ungeniambia." Akaenda kuoga. Siku nne tuliongea habari za watoto na umeme basi. Nilijiuliza kwa nini sikumwambia, na jibu halikunipendeza. Niliona aibu. Siyo ya hela peke yake. Niliona aibu kumwambia kwamba mwanamke wa miaka thelathini na kitu, tumbo bado limelegea, anataka kuvaa kikaptula cha kubana mbele za watu.

Siku ya tano nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Halafu akachukua kalamu, akasema tuandike kipi kinahitajika kweli. Suti ilienda kwa mtu anayesafiri nje kwa laki mbili, viatu na pedeli zake laki na nusu. Zikarudi benki.

Mtu anayeanza hahitaji mengi. Miwani ya kuogelea usinunue kwa rangi. Ibandike machoni bila kuvuta mkanda. Ikishika yenyewe kwa sekunde kadhaa, hiyo ni ya uso wako. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi unaogelea jua likikuchoma machoni. Chukua yenye kioo cha giza kidogo. Nguo ya mwilini iwe moja, uingie nayo majini na umalize nayo. Iwe ya kubana, ya kitambaa kinachokauka haraka, yenye godoro jembamba matakoni. Fulana ya pamba ikilowa inakuwa nzito na kukuchubua. Kaptula ya baiskeli yenye godoro nene nayo inanyonya maji, unapanda baiskeli kama mtoto aliyejaza nepi. Chini yake hakuna chupi, wenzangu, pindo za chupi ndizo zinazochubua. Sidiria ya michezo inayokushika vizuri, ndiyo, na mafuta ya mgando kwapani na katikati ya mapaja. Dada zangu mnaojistiri, mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima yapo. Waulizeni waandaaji mapema.

Nywele ndizo zilizonitesa kuliko vyote, na hakuna picha ya Mzungu iliyonionya. Nilikuwa nimesuka rasta ndefu, kofia ya kuogelea haiingii hata kwa dawa. Nikakumbuka zile kofia kubwa za Soul Cap, zilizotengenezwa Uingereza kwa ajili ya nywele kama zetu. Shirikisho la kuogelea la dunia lilizikataa mwaka 2021 kabla ya michezo ya Tokyo, likaja kuzikubali 2022. Mimi nilifumua, nikasuka twende kilioni. Na helmeti nayo ikakaa sawa.

Helmeti ndiyo kitu cha kununua kipya, chenye bei yake, hata kama kila kingine ni mtumba. Ya mtumba huwezi kujua ilishaanguka mara ngapi. Unaifunga kidevuni kabla hujagusa baiskeli, la sivyo unaadhibiwa. Kwenye baiskeli yenyewe, angalia breki zote mbili zinashika na ncha za usukani zimezibwa, maana bomba lililo wazi linaweza kukutoboa ukianguka. Yangu ilikuwa haina vizibo. Nilimkuta mume wangu barazani na kisu, anachonga kizibo cha chupa ya mvinyo tuliyofungua siku ya ndoa yetu, aliyokuwa ameihifadhi muda wote huo bila mimi kujua. Sikusema kitu, nikaenda kupika chai.

Kwa miguu, raba zako unazokimbilia kila siku zinatosha, kwenye baiskeli pia, na pedeli za kawaida. Mimi nilitoa kamba nikaweka lastiki ya Kariakoo, mguu unazama bila kufunga. Ila vyote uwe umevifanyia mazoezi. Siku ya mashindano usivae kitu kipya.

Siku ilipofika niliingia majini nikiwa na wasiwasi, nikatoka wa tatu kutoka mwisho. Mume wangu alikuwa nje ya kamba ya eneo la kubadilishia, mtoto mgongoni, ameshika khanga akidhani nitataka kujifunika. Nilimpita na kikaptula changu cha kubana, maji yananitiririka, nikafunga helmeti. "Kizibo kipo?" akauliza kwa sauti. Kilikuwepo.

Nyumba tuliiezeka mwezi wa kumi. Mabati hayakufika barazani, na mgeni akiuliza kwa nini jua linaingia pale, mume wangu anamwonyesha baiskeli ukutani.