Mto Uliogeuzwa

Akina mama wenzangu, nina neno la kuwashirikisha. Binti yetu mkubwa anaishi Chicago, Marekani. Tulipomtembelea alitukatia tiketi za boti ya watalii katika mto wa jiji hilo. Mimi na mume wangu tuliketi benchi moja, lakini hatukusemezana. Alikuwa amempa ndugu yake fedha bila kuniambia, nami kwa miezi miwili nilikuwa nikimsema kwa ukali mezani, mbele ya watoto.

Boti ilipita chini ya madaraja, katikati ya maghorofa marefu. Mwongozaji akaeleza kwamba zamani mto ule uliingia Ziwa Michigan, ukibeba uchafu wa jiji, na ziwani humo ndimo watu walimopata maji ya kunywa. Ukachimbwa mfereji wa kilomita 45, kazi ya miaka minane, na mwaka 1900 mto ukageuzwa, ukaliacha ziwa.

Nilichomwa moyo. Uchafu wa kinywa changu ulikuwa ukiingia katika maji wanayokunywa wanangu! Nikaomba kimoyomoyo, kisha nikasema, “Baba watoto, nisamehe kwa maneno yangu.”

Alinyamaza kidogo. “Nami nilikosa, mama. Ilinipasa kukushirikisha.”

Habari ya fedha tuliizungumza usiku, wawili tu, mlango umefungwa.

Mpendwa msomaji, soma Yakobo sura ya 3. Je, watoto wako wanakunywa nini mezani pako? Mwombe Mungu augeuze ulimi wako leo.