Chombo Ndani ya Chupa: Kutoka Manyatta Hadi Lamu

Mtu akitoka mji wa Embu na kuifuata barabara ipandayo kuelekea Mlima Kenya, hufika Manyatta. Pande za chini ataona mikahawa, na pande za juu, karibu na msitu, ataona mashamba ya chai. Mipakani husimama migrivea mirefu, ambayo wakulima huipanda kwa ajili ya kuni na mbao. Bahari i mbali sana na hapa. Hata hivyo maji ya Rupingazi na mito mingine ya nchi hii huteremka hata Mto Tana. Nao Tana hupita katika mabwawa ya umeme, ukapita Garissa na Hola, kisha ukaingia baharini upande wa Kipini, si mbali na visiwa vya Lamu. Basi maji yakiisha kuunganisha nchi hizi mbili, yafaa tutazame kazi ya mikono ya Lamu ambayo mwana wa Manyatta aweza kuifanya vilevile.

Kisiwani Lamu kuna kijiji kiitwacho Matondoni, chenye sifa ya kuunda majahazi. Huko Lamu mafundi huchonga pia mifano midogo ya vyombo, yenye mlingoti, tanga na kamba zake. Wako watu wanaoiona kuwa mapambo tu ya kuuziwa wageni. Lakini na tukumbuke habari za mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha pwani hii kisichokuwa na msumari hata mmoja: mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, tanga lake la mraba lilikuwa mkeka, na omo yake iliinuka kama shingo ya ngamia. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini, vyombo vya misumari vikashika mahali pake. Maarifa yake hayakupotea yote, kwa kuwa yalibaki katika picha, michoro na mifano midogo. Mwaka 2003 mtepe mkubwa uliundwa upya Zanzibar, ukawekwa ndani ya jumba la Beit el-Ajaib.

Mabaharia wa Ulaya nao walikuwa na desturi ya kuweka mfano wa chombo ndani ya chupa, na chupa moja ya mwaka 1784 huhesabiwa miongoni mwa zile za kale kabisa. Kila aionaye huuliza: chombo kipana namna hii kilipitaje shingo nyembamba? Jibu ni kwamba hakikupita kikiwa kimesimama.

Fundi huanza kwa kupima shingo ya chupa. Kisha huchonga mwili wa chombo katika kipande cha mbao laini, mwembamba kiasi cha kupita. Kwa mlingoti, kijiti cha mwanzi kilichokwanguliwa kinafaa sana. Chini ya mlingoti hutia kiungo cha waya mwembamba, ili uweze kulazwa nyuma. Uzi hufungwa juu ya mlingoti, ukapitishwa katika tundu dogo la omo, na mwisho wake huachwa mrefu. Tanga la karatasi au kitambaa chepesi hukunjwa. Ndani ya chupa hutandazwa kwanza pati, yaani ule udongo laini wa kushikiza vioo vya madirisha, uliotiwa rangi ya buluu, nayo ndiyo bahari. Baada ya hayo chombo huingizwa mlingoti ukiwa umelala, hukalishwa juu ya pati kwa waya mrefu, kisha uzi huvutwa polepole. Mlingoti husimama, tanga hukunjuka. Tone la gundi hutiwa katika tundu la omo, na likiisha kukauka, uzi uliozidi hukatwa.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka kisu kikali, chupa tupu iliyo safi, masalio ya mbao za mgrivea na, zaidi ya yote, subira. Maana avutaye uzi kwa haraka huukata, na kazi yote huharibika.

Pengine msomaji atasema, sisi watu wa mlimani tuna haja gani na majahazi? Vema, na asichonge jahazi. Achonge mzinga wa nyuki uliochimbwa katika gogo, au ghala ya nafaka iliyosukwa kwa fito na kuezekwa nyasi, kwa vipimo sahihi. Vitu hivi vimekuwa haba, na wazee wajuao jinsi vilivyofungwa na kuezekwa wapo wachache. Mzazi aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani na amwite akae karibu na kijana mwenye kisu, siku za likizo ya shule, amweleze kila kiungo na jina lake. Mtepe ulipata watu wa kuuchonga kabla haujasahauliwa. Ghala zetu zangojea wa kwao.