CD ya Harusi Imekwaruzika? Jaribu Kwanza Nyumbani



Wengi wetu tulioolewa miaka ya 2000, harusi zetu zimo kwenye CD, si kwenye simu. Yangu ni ya 2008. Mle ndani imo siku yetu ya wanawake: nina hina mikono yote, kichwa wazi, na marehemu mama yangu ananifukiza udi huku akiniombea dua. Sina pengine penye sauti yake.

Mwaka jana ikaanza kuganda pale pale mama anapofungua mdomo. Nikaambiwa niipeleke kwa fundi. Lakini fundi ni mwanamme, na lazima aitazame ndiyo ajue kama imepona. Mle ndani wamo mashangazi, wifi zangu na wasichana wa watu, wote hawana buibui. Hiyo stara ni amana. Nikaamua kuishughulikia mwenyewe.

Kwanza, inyanyue kwenye mwanga. Ukiona tundu mwanga unapenya, au upande wenye maandishi umechubuka, hapo hapana dawa, kwa sababu kwenye CD tabaka lililobeba picha liko chini kidogo tu ya maandishi. Mikwaruzo ya upande unaong'aa ndiyo inayotibika. Pale umekwaruza plastiki tu.

Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, uikaushe. Mara nyingi ni mafuta ya vidole tu. Ikiwa bado inaganda, chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ile ya jeli. Chembe zake ndogo zinalainisha kingo za mkwaruzo ili mwanga wa deki upite vizuri. Tumia kitambaa cha pamba laini kilichochakaa, kisicho na mshono wala kifungo.

Sugua taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Picha zimepangwa kwa mstari mmoja mrefu unaozunguka. Sisi washonaji tunajua: sindano ikiruka pahala pamoja nguo haifumuki, ikiruka inchi nzima inaachia. Na deki ni hivyo hivyo, inaweza kuvuka pengo dogo, lakini mkwaruzo unaofuata mstari unaipoteza njia. Kisha suuza vizuri, ukaushe, ujaribu.

Yangu niliisugua mara tatu. Bado inaruka kidogo kwenye kukata keki, lakini dua ya mama nimeisikia yote, alhamdulillah. Siku ile ile nikainakili kwenye kompyuta na kwenye fleshi mbili, moja nikampa dada yangu aiweke kwake. Mkishafanikiwa kuifungua, msingoje kesho. Huenda isifunguke tena.

Nanyi mabibi harusi wangu, mnapokuja kupima gauni huwa nawauliza: nani anapiga picha siku ya wanawake? Mchague mpigaji mwanamke, mkubaliane mapema kwamba nakala zote mnakabidhiwa nyinyi, na muweke zaidi ya moja, mbali na jua na vumbi. Na mama akikuombea dua, mwambie mpigaji asogee karibu, sauti isikike.

Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na azitie baraka ndoa zenu. Amin.