Likasi: Mtoto Akitolewa Getini

Barabara ya taifa namba 1 inaondoka Lubumbashi kuelekea kaskazini-magharibi, na baada ya kilomita 120 hivi inakuingiza Likasi. Malori ya madini hayakatiki. Asubuhi, kabla ya saa moja na nusu, pembezoni mwa barabara hiyo wanapita watoto wa shati jeupe na sketi au kaptura ya buluu, sare ya wanafunzi wa Kongo nzima. Wakubwa wamewashika wadogo mikono, na lori likipita wote wanaligeuzia vumbi mgongo. Hayo nimeyaona pia Kahama, nimeyaona Voi na Luwero. Nilichokiona Likasi peke yake ni watoto wengine, wa umri uleule, wanaopita njia hiyohiyo bila daftari, kiroba kitupu kimekunjwa kwapani. Jioni kiroba kitakuwa na mawe.

Mji huu uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, na ulijengwa kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière, na baada yake Gécamines, ndizo zilizoajiri baba, zikatibu mama na kusomesha watoto. Gécamines ilipoporomoka miaka ya 1990, familia nyingi zilibaki na ardhi yenye shaba na kobalti chini ya miguu yao, bila mshahara. Magharibi mwa mji, mwendo usio mrefu, ipo Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji humo mwanzoni mwa mwaka 2004. Julai mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua watu. Watu walikuwa bado wamo ndani.

Kwa hiyo nilifika na swali moja: shule ya msingi inamlindaje mtoto mahali ambapo hatari iko umbali wa kutembea kwa miguu?

Kikula, saa moja na nusu

Jina la shule naliacha, kwa ajili ya watoto. Iko komuni ya Kikula, na kengele yake ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Baada ya bendera, darasa la tatu likaingia chumba kimoja, zaidi ya watoto 80, wanne wanne kwenye dawati la watu wawili. Mwalimu wao, ambaye wote wanamwita Madamu, akafungua daftari la mahudhurio.

Nimekaa katika madarasa mengi na nimezoea kuona mahudhurio yakisomwa haraka, mwalimu hainui hata kichwa. Madamu alisoma taratibu. Aliyepo alichorewa kistari kwa kalamu ya wino, asiyekuwepo aliandikiwa A kwa penseli. Nilimwuliza kwa nini penseli. Akaniambia kwamba A haikauki mpaka amejua sababu yake. Mtoto akiwa na malaria, anaandika upande wa pili wa ukurasa. Akiwa amebaki kumshika mdogo wake mama akienda sokoni, anaandika hilo. Sababu isipojulikana, A inabaki na penseli na kuzungushiwa duara.

Jina moja liliitwa mara mbili bila jibu.

"Eko wapi?" akauliza Madamu.

Msichana wa dawati la nyuma akasimama. "Hayiko, Madamu. Alienda ku kariere na yaya yake."

Kariere ni machimbo, na yaya ni kaka yake mkubwa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeshangaa. Madamu aligeuza kurasa akanionyesha safu ya mtoto huyo: wiki tatu mfululizo, A za Alhamisi na Ijumaa. Ndizo siku ambazo wanunuzi wa mawe hupita mtaani kwao. Mchana alimwita mama wa kamati ya wazazi anayekaa jirani na familia ile, wakazungumza uani kwa muda mrefu kuliko mapumziko yenyewe. Watoto wanaotembea njia moja amewaweka kikundi kimoja, na mkubwa wa njia ndiye anayejibu kama mmoja wao hakufika. Yule msichana wa nyuma ni mkubwa wa njia. Ana miaka kama tisa.

Kazi hii yote inafanywa na mwalimu mmoja kwa daftari, penseli na msichana wa miaka tisa. Ukutani sikuona bango la namba ya simu wala sanduku la maoni. Lakini kabla ya saa mbili asubuhi kulikuwa na mtu mzima anayejua ni nani hayupo, na anayedhani anajua aliko.

Kwetu, na kwa majirani

Kwa maandishi, majirani wa Kongo wa upande wa mashariki wametangulia. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikatia muhuri. Waraka namba 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma kwa Walimu unamtaka mwalimu anayejua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono atoe taarifa ndani ya saa 24, na anayenyamaza naye ana kosa. Kifungu hicho cha kunyamaza nakipenda kuliko vyote, kwa sababu shuleni siri hulindwa na wengi.

Kwetu Tanzania, utafiti wa mwaka 2009 uliotolewa 2011 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tangu hapo tumepata mengi: madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni, walimu wa malezi na unasihi, na namba 116 ya bure, namba ileile inayotumika Kenya na Uganda. Ila viboko tumebaki navyo. Kanuni inasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ridhaa kwa maandishi, na viandikwe. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Kanuni ya viboko vinne ilikuwepo siku ile. Kwa maoni yangu fimbo haina kipimo salama mkononi mwa mtu aliyekasirika, na tungeiondoa.

Uganda imeonyesha kwamba inawezekana. Luwero, shule za msingi 42 zilifanyiwa jaribio la mpango wa Shule Bora wa shirika la Raising Voices; walimu, wanafunzi na wazazi walikaa pamoja miezi kadhaa kuamua shule yao iweje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: katika shule zilizopata mpango, asilimia 31 ya wanafunzi walisema wamepigwa na mtumishi wa shule wiki iliyopita, kwingine ilikuwa karibu asilimia 49. Asilimia 31 bado ni watoto wengi mno. Lakini ni upungufu uliopatikana kwa mazungumzo, bila askari.

Kongo nayo ina sheria. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inahusu ulinzi wa mtoto tu. Ndiyo iliyoanzisha mahakama za watoto, na ndiyo inayokataza kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 16. Niliiona ofisini kwa mkuu wa shule, nakala ya fotokopi ndani ya faili, kurasa zake za mwanzo zimechakaa kwa kushikwa. Mkuu huyo, ambaye wote wanamwita Direktere, ni mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Akanieleza jambo ambalo tangu hapo nimekuwa nikilifikiria kuliko sheria zote hizo.

Kufukuzwa

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni lazima na ni bure. Mpaka Septemba 2019 haikuwa hivyo. Wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu, kwa minervali, yaani ada, na kwa nyongeza chungu nzima. Direktere alikuwa akipita madarasani na orodha, na mtoto ambaye hajalipiwa alitoka. Saa tatu asubuhi, geti linafunguliwa, watoto 20 au 30 wanasukumwa nje.

Nilimwuliza walikuwa wakienda wapi. Akasema barua aliyowapa ilisema nyumbani, lakini nyumbani kulikuwa na baba aliyekwishasema hana kitu, na mtoto analijua hilo. Kwa hiyo aliyetolewa saa tatu alikwenda kutafuta pesa, na mahali pa kupata pesa kwa mikono ya miaka kumi palikuwa pamoja tu: kuokota, kuchambua na kuosha mawe. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa kwenye migodi ya kusini mwa Kongo. Katika ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016, baadhi ya watoto wa kobalti waliohojiwa walieleza kwamba walifanya kazi ili walipe shule. Walikwenda mgodini kwa sababu ya ada.

Ndiyo maana naona elimu bure ya 2019, pamoja na msongamano wake wa watoto 80 chumba kimoja, ni hatua kubwa zaidi ya ulinzi wa mtoto kuliko bango lolote. Uganda ilifanya hivyo 1997, Kenya Januari 2003, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 na tena kwa Waraka namba 5 wa mwaka 2015. Kila mahali madarasa yalifurika, na kila mahali walijitokeza watu kulalamika kwamba ubora umeshuka. Ni kweli umeshuka, na walimu wa Likasi wanastahili mishahara inayofika kwa wakati na vyumba zaidi. Lakini mtoto aliyebanwa dawatini anaonekana. Anaitwa jina, anajibu.

Michango haijaisha popote. Sheria ya Kenya inakataza kumzuia mtoto darasani kwa sababu ya tozo, na bado watoto hurudishwa kwa pesa ya chakula. Kwetu ni mitihani, mlinzi, tuisheni. Mpwa wangu alitolewa shuleni katika mji mmoja wa Tanzania kwa sababu ya mchango wa mtihani. Hakwenda nyumbani, alimwogopa mama yake. Alikaa stendi ya mabasi tangu saa nne mpaka jioni, mtoto wa darasa la nne. Muuza maji mmoja alimpa kazi ya kumshikia ndoo, na jua lilipozama akamsindikiza mpaka mlangoni. Tulimshukuru muuza maji yule, na tunamshukuru mpaka leo. Angeweza kuwa mtu mwingine. Shule haikuwa na habari kwamba hakufika nyumbani, nasi tulidhani yuko shuleni. Kwa muda wa saa nane mtoto huyo hakuwa wa mtu yeyote.

Likasi wanaijua hofu ya namna hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1992 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa majumbani, na maelfu wakalala kituo cha reli cha mji huu wakingoja treni, pamoja na watoto waliokuwa na dawati juma lililotangulia. Wazee wanalitaja jambo hili kwa uangalifu, nami naliandika kwa uangalifu huohuo.

Mererani, kwa kulinganisha

Kwenye machimbo ya tanzanaiti ya Mererani, kwetu Tanzania, watoto waliotambaa kwenye mashimo membamba waliitwa nyoka. Aprili 2018 ukazinduliwa ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo, kwa nia ya kuzuia utoroshaji wa vito, na anayeingia anapita kwenye geti lenye ukaguzi. Haut-Katanga, jimbo lenye Likasi, huwezi kulijengea ukuta. Madini yametapakaa, mengine yako chini ya nyumba za watu. Benki ya Maendeleo ya Afrika imeweka fedha katika mradi wa PABEA-Cobalt, uliolenga watoto 14,850 wa Haut-Katanga na Lualaba pamoja na shughuli mbadala kwa wazazi wao. Hesabu hiyo ikitimia yote, wengi bado watabaki, na hao watategemea daftari la Madamu na wenzake.

Kabla sijaondoka Kikula nilirudi darasa la tatu. Yule mtoto wa kariere alikuwa bado hajaonekana, lakini mama wa kamati alikwishafika kwao mara mbili. Kaka mkubwa ameahidi kwamba mdogo atarudi Jumatatu. Duara la penseli lilikuwa palepale.

Nawaandikia wakuu wa shule za msingi, wa Kongo, wa kwetu, wa Kenya na Uganda, na kamati za wazazi zinazokaa nao. Deni la mzazi mpelekeeni mzazi: mwandikieni, mpigieni simu, mwiteni kikao. Mtoto mwacheni darasani mpaka kengele ya mwisho. Na ikilazimu atoke mapema kwa sababu yoyote, asivuke geti mpaka mtu mzima anayemfahamu amefika na jina lake limeandikwa.